Beda wa Jarrow, Mtu Aliyehesabu Siku



Kila mwaka Kwaresima inapokaribia, swali lile lile huulizwa pale mlangoni baada ya ibada. Krismasi ina tarehe yake, nayo haihami. Mbona Pasaka huhama, mwaka huu Machi, mwaka mwingine Aprili? Wazee hujibu kwamba hayo ni mambo ya mwezi, vijana hutazama kalenda ya ukutani, na swali huishia hapo. Safari hii tumeona tulijibu kwa kusimulia maisha ya mtu mmoja ambaye swali hilo lilimchukua miaka mingi ya umri wake. Jina lake ni Beda, wa Jarrow katika Uingereza. Makanisa ya Kianglikana humkumbuka mwishoni mwa mwezi wa Mei, na wengi wetu tumelisikia jina lake likisomwa bila kujua alikuwa nani.

Beda alizaliwa mnamo mwaka 673 huko Northumbria, ufalme uliokuwa kaskazini mwa Uingereza. Alipokuwa na umri wa miaka saba jamaa zake walimpeleka kwa Abati Benedict Biscop, ili alelewe na kusomeshwa katika nyumba ya watawa ya Wearmouth, iliyoanzishwa mwaka 674. Benedict alikuwa msafiri. Alikwenda Roma mara kadhaa, akarudi na vitabu. Alileta pia mafundi wa vioo kutoka Gaul, nchi ambayo leo ni Ufaransa, kwa kuwa Waingereza wa siku zile hawakuijua kazi hiyo. Baadaye kidogo ilijengwa nyumba ya pili huko Jarrow, mwendo wa maili chache, chini ya Abati Ceolfrith. Huko ndiko Beda alikoishi maisha yake yote. Hakupata kuvuka bahari. Safari zake zilikuwa chache na za karibu, lakini vitabu vya Benedict vilimletea dunia nzima mezani.

Kanisa la Jarrow liliwekwa wakfu tarehe 23 Aprili, mwaka 685. Jiwe la ukumbusho wa siku ile lipo hata leo. Lakini ndugu akilisoma jiwe hilo hataiona namba 685. Limeandikwa kwamba ulikuwa mwaka wa kumi na tano wa Mfalme Ecgfrith na wa nne wa Abati Ceolfrith. Ndivyo watu walivyohesabu miaka siku zile, kwa kufuata wafalme na wakubwa wao. Sisi hatupaswi kuwacheka. Wazee wetu nao walisema fulani alizaliwa mwaka wa njaa, au mwaka wa nzige, au mwaka ule mto ulipofurika, na kila aliyewasikia alielewa. Shida ilikuja ulipotoka nje ya kijiji au nje ya ufalme. Hapo mwaka wako haukuwa mwaka wa jirani yako.

Mwaka uliofuata, yaani 686, tauni iliingia Jarrow. Kitabu cha maisha ya Abati Ceolfrith, kilichoandikwa na mtawa mmoja wa nyumba zile, kinasimulia kwamba walikufa wote walioweza kusoma na kuimba katika ibada, akabaki abati mwenyewe na mtoto mmoja. Wengi huamini kwamba mtoto huyo alikuwa Beda, naye alikuwa na umri wa miaka kama kumi na mitatu. Abati kwa huzuni aliamuru kwamba zaburi zisomwe bila viitikio vyake, kwa kuwa sauti mbili hazitoshi. Walifanya hivyo juma moja, wakilia. Kisha abati hakuweza kuvumilia zaidi. Wakarudisha ibada yote kama ilivyokuwa, mtu mzima na mtoto, wakiimba kwa taabu kila saa iliyopangwa, mpaka wengine walipofundishwa.

Tafadhali tukae hapo kidogo. Saa za sala za watawa wale zilihesabiwa tangu jua kuchomoza. Walisali saa tatu, saa sita na saa tisa. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa hayo, maana ndivyo tunavyohesabu sisi hata leo. Tunaposoma katika Injili kwamba giza lilikuwa juu ya nchi tangu saa sita hata saa tisa, tunajua mara moja jua lilikuwa wapi. Basi mtoto yule katika kanisa tupu alijifunza mapema kwamba saa si mshale unaozunguka tu. Saa ni zamu ya kazi, na mwenye zamu akifa, aliyebaki hana budi kuishika.

Beda alifanywa shemasi akiwa na miaka kumi na tisa, kabla ya umri uliokubaliwa kwa kawaida, na kasisi akiwa na miaka thelathini. Mwaka ule ule alipopata ukasisi, mnamo 703, alitoa kitabu kidogo juu ya hesabu ya nyakati kwa ajili ya wanafunzi wake. Hapa ndipo tunapolifikia swali la mlangoni.

Bwana wetu alisulubiwa na kufufuka wakati wa Pasaka ya Wayahudi, na Pasaka hiyo hufuata mwezi mpevu wa kwanza wa majira yale. Kanisa likataka sikukuu yake iwe siku ya Jumapili, siku ya Ufufuo. Basi kanuni ni hii: Pasaka ni Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaoangukia tarehe 21 Machi au baada yake, mnamo wakati ambapo usiku na mchana hulingana. Kwa hiyo haiwezi kuwa kabla ya tarehe 22 Machi wala baada ya tarehe 25 Aprili. Kanuni ni fupi, lakini hesabu yake ni ngumu, maana jua na mwezi hawaendi pamoja. Miezi kumi na miwili ya mwandamo ina siku 354, pungufu ya siku 11 kwa mwaka wa jua. Ndiyo sababu mwezi wa Ramadhani wa jirani zetu Waislamu hurudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka. Wahenga waligundua kwamba baada ya miaka 19, yaani miezi 235 ya mwandamo, jua na mwezi hukutana tena karibu pale pale. Juu ya duara hiyo ya miaka 19 Kanisa lilijenga majedwali yake.

Lakini si wote walitumia jedwali moja, na hilo lilileta machungu. Kabla Beda hajazaliwa, Mfalme Oswiu wa Northumbria alikuwa amepokea imani kwa njia ya watawa wa Ireland na wa kisiwa cha Iona, ambao walikuwa na hesabu yao ya zamani. Malkia wake, Eanflæd, alilelewa katika hesabu ya Roma. Ikatokea mfalme amekwisha kufungua na kula Pasaka, huku malkia na watu wake wangali katika mfungo, wakishika Jumapili ya Mitende. Nyumba moja, imani moja, na meza mbili. Mwaka 664 ukaitwa mkutano huko Whitby, katika nyumba ya watawa iliyosimamiwa na mama Hilda. Mfalme akaamua kwa upande wa Roma. Askofu Colman, aliyewatetea watu wa Iona, aliondoka na wafuasi wake. Hesabu ikawa moja katika Northumbria, lakini watu walikuwa wameachana.

Beda alikulia katika upande ulioshinda, na alikuwa na hakika kabisa kwamba upande huo ndio uliohesabu vizuri. Mwanzoni hakika hiyo ilimfanya awe mkali. Mwaka 708 alipata habari iliyomchoma. Katika kitabu chake kidogo alikuwa amefuata Maandiko ya Kiebrania, akahesabu miaka 3,952 tangu kuumbwa ulimwengu hata kuzaliwa Kristo, ingawa watu walizoea hesabu ya miaka zaidi ya elfu tano. Sasa akasikia kwamba watu fulani, karamuni, wakiwa wamelewa, mbele ya Askofu Wilfrid, wamemtaja kuwa mzushi, eti anakana kwamba Kristo alikuja katika kipindi chake cha haki. Mtu aliyetoa maisha yake kwa Kanisa anaitwa mzushi na walevi, na hakuna aliyemtetea! Beda alimwandikia mtawa mmoja, jina lake Plegwin, barua kali yenye hasira wazi, akaomba isomwe mbele ya askofu.

Katika barua ile Beda alilalamika pia juu ya wale waliokuwa wakimsumbua kumwuliza imebaki miaka mingapi mpaka mwisho wa dunia. Walidhani kwamba kwa kuwa dunia ina vipindi sita, na kila kipindi ni miaka elfu, basi mtu akitoa na kujumlisha ataipata siku yenyewe. Beda alilikataa jambo hilo kwa nguvu zote. Yeye aliyejua hesabu kuliko wote katika nchi yake alisema kwamba hesabu hiyo haipo, kwa kuwa Bwana aliwaambia mitume kabla ya kupaa kwamba si kazi yao kujua nyakati ambazo Baba ameziweka chini ya mamlaka yake.

Tumelitaja hilo kwa sababu. Kila baada ya miaka michache hupita kwetu mtu mwenye karatasi na tarehe ya mwisho wa dunia. Wapo waliouza mbuzi, wapo waliowatoa watoto shuleni, na wapo ambao tarehe ilipopita waliona haya kurudi kanisani. Ndugu zetu hao wasichekwe, wapokewe. Lakini ajuaye kuhesabu kweli ndiye wa kwanza kukiri mahali hesabu inapokoma.

Je, Beda aliendelea na hasira ile? Mwaka 725 alitoa kitabu kikubwa juu ya hesabu ya nyakati, ambacho watawa wa Ulaya walikisoma kwa karne nyingi. Hakuiacha hesabu yake, lakini safari hii aliziweka hesabu zote mbili kando kando, ya Kiebrania na ile ya zamani, msomaji azione. Alianza kwa kufundisha jinsi ya kuhesabu kwa vidole, jambo ambalo mtu yeyote aweza kulifanya shambani. Alieleza jinsi maji ya bahari yanavyofuata mwezi, yakichelewa kila siku kwa karibu robo tatu ya saa, na kwamba hata katika pwani moja maji hayajai kwa wakati mmoja kila mahali. Wavuvi wetu wa pwani, wanaojua bamvua na maji mafu tangu utoto, wangezungumza naye vizuri. Mwisho wa kazi ile palikuwa na jedwali la Pasaka za miaka 532, maana miaka 19 ya mwezi ikizidishwa kwa 28 ya jua huleta idadi hiyo. Majedwali hayo yalifika hata mwaka 1063, zaidi ya miaka mia tatu baada ya mwandishi kuingia kaburini. Alipanga Pasaka za watu ambao babu zao walikuwa hawajazaliwa.

Kati ya vitabu hivyo viwili alipata msiba mwingine. Mwaka 716 Abati Ceolfrith, yule aliyeimba naye katika siku za tauni, alikuwa mzee sana, akaamua ghafula kwenda Roma afie huko. Alichukua zawadi ya Biblia nzima iliyonakiliwa kwa mkono katika nyumba zao. Alifia njiani, huko Langres, na Biblia ile ipo hata leo katika mji wa Florence, Italia. Beda alikuwa akiandika maelezo ya kitabu cha Samweli. Kalamu ilisimama. Yeye mwenyewe alikiri katika kazi ile kwamba moyo wake ulifadhaika, na ilimbidi kungoja utulie ndipo aendelee.

Mwaka huo huo wa 716 watu wa Iona nao waliipokea Pasaka ya pamoja. Hawakuipokea kwa kushindwa katika baraza. Mtawa mmoja Mwingereza, jina lake Egbert, aliishi nao kwa upole na kuwasihi. Miaka kumi na mitatu baadaye Egbert alifariki siku ya Pasaka yenyewe, tarehe 24 Aprili 729. Beda aliisimulia habari hiyo kwa furaha katika historia yake ya Kanisa la Waingereza, aliyoimaliza mwaka 731, akiwa katika mwaka wa 59 wa umri wake.

Historia hiyo ndiyo iliyomfanya ajulikane duniani, nayo imetuachia sote kitu tunachokitumia kila siku. Zaidi ya miaka mia mbili nyuma, mnamo mwaka 525, mtawa Dionysius huko Roma alikuwa ameanza kuihesabu miaka ya jedwali la Pasaka tangu kuzaliwa kwa Kristo. Beda aliichukua hesabu hiyo akaitumia katika kitabu kizima cha historia, na kwa kitabu chake desturi ikaenea. Mfalme akifa, hesabu haianzi upya. Kila tunapoandika tarehe juu ya barua, au juu ya cheti cha ubatizo, tunatumia hesabu ambayo mtu wa Jarrow aliieneza.

Lakini kwetu sisi jambo kubwa zaidi katika historia ile ni jinsi alivyomweleza Askofu Aidan, mtu wa Iona aliyekufa mwaka 651. Aidan alishika Pasaka kwa hesabu ambayo Beda aliiona ni kosa, naye Beda hakulificha hilo. Hata hivyo aliandika habari za Aidan kwa upendo usio wa kawaida: alivyotembea kwa miguu kati ya watu, alivyowapa maskini alichopewa na matajiri, alivyowakomboa watumwa kwa fedha, na alivyofundisha kwa maisha yake kuliko maneno. Alikiri pia kwamba katika Pasaka yake Aidan hakuadhimisha jambo jingine ila kufa na kufufuka kwa Bwana yule yule. Mwandishi wa barua ya mwaka 708 alikuwa amejifunza kwamba mtu aweza kukosea tarehe na asikose Pasaka. Hatutaki kumpaka Beda rangi nzuri kupita kiasi, maana Wabritoni wa magharibi, walioshika hesabu ya zamani, aliwaandikia kwa ukali mpaka mwisho. Kugeuzwa moyo ni kazi ya umri mzima, na haiishi kwa watakatifu wala kwetu.

Mwaka 734 alimwandikia Askofu Egbert wa York, ambaye si yule mtawa wa Iona, akamsihi kwamba watu wasiojua Kilatini wafundishwe Imani na Sala ya Bwana kwa lugha yao wenyewe. Akasema kwamba yeye mwenyewe amewatafsiria makasisi wengi. Mwaka uliofuata aliugua kabla ya Pasaka. Pumzi ilikuwa fupi, miguu ikavimba, lakini aliendelea kufundisha kila siku na kuimba zaburi usiku. Mwanafunzi wake Cuthbert, aliyeyaandika hayo, anaeleza kwamba mgonjwa alikuwa akiitafsiri Injili ya Yohana katika Kiingereza, naye anataja pale penye mikate mitano na samaki wawili, ambapo mtume anauliza chakula kidogo vile kitawafaa nini watu wengi namna ile.

Siku moja kabla ya Kupaa aliwaita makasisi wa nyumba ile, akawagawia vitu vyake vyote. Navyo vilikuwa pilipili manga kidogo, vitambaa na ubani. Jioni kijana aliyekuwa akimwandikia alimwambia kwamba imebaki sentensi moja. Akaisema, kijana akaiandika. Kisha akaomba aketishwe sakafuni, akielekea mahali alipozoea kusali, akaimba utukufu wa Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, akakata roho. Kalenda yetu husema ilikuwa jioni ya tarehe 25 Mei 735. Lakini wao walihesabu kwamba siku huanza jua likishatua, kama wazee wetu wanavyohesabu usiku wa kuamkia Ijumaa kuwa ni wa Ijumaa. Kwa hesabu hiyo, Beda alifariki siku ya Kupaa.

Kalenda imebadilishwa tangu siku zake. Mwaka 1582 Papa Gregori aliitengeneza, na Uingereza ikaifuata mwaka 1752, ila ndugu zetu wengi Waorthodoksi wangali wanaihesabu Pasaka kwa kalenda ya zamani. Majedwali ya Beda hayatumiki tena.

Basi atakayeulizwa tena mlangoni sababu ya Pasaka kuhama, ajibu habari za jua na mwezi, kisha aeleze na habari za mtoto aliyebaki na abati wake katika kanisa tupu. Na kila mmoja wetu, kabla Kwaresima haijafika, ajiulize: tangu Pasaka iliyopita ni ugomvi gani tuliokuwa nao ambao tungali nao, ni nani tuliyemwita mkosaji tukasahau kumpenda, na ni sentensi gani tuliyopewa kuiandika ambayo bado haijaandikwa? Mzaburi alimwomba Mungu atufundishe kuzihesabu siku zetu ili tupate moyo wa hekima. Siku Beda alizihesabu vizuri tangu ujana wake. Moyo ule aliupata polepole, kwa misiba na kwa kukosea.

Bwana atujalie Kwaresima njema, na Pasaka moja, katika nyumba moja, kwenye meza moja. Amina.